Mfalme James wa Tatu, mbwa mwitu na Dido Twite: tuanze na kitabu kipi?

SWALI: Naishi Leicester na watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume 12. Jirani aliyehama ametuachia sanduku la vitabu vya Joan Aiken, ule mfululizo unaoanza na The Wolves of Willoughby Chase. Tulianza na The Stolen Lake kwa sababu ndicho kilikuwa juu. Tukapotea njiani, na mdogo akaanza kuota ndoto mbaya. Huwa nawasomea usiku kwa Kiswahili, natafsiri palepale, maana sitaki lugha iwatoke. Sasa naomba msaada. Tuanze na kipi? Huyo Mfalme James wa Tatu anayetajwa humo alikuwepo kweli? Mkubwa anasoma historia shuleni na mwalimu wake anasema mwaka 1832 mfalme alikuwa William, naogopa watoto watachanganyikiwa. Na huyo Dido anayeongea Kiingereza cha ovyo nimsomeje?

JIBU: Dada yangu, hapo hukukosea wewe wala Kiswahili chako. Mmeanzia pabaya. The Stolen Lake kilitoka mwaka 1981, miaka 19 baada ya kitabu cha kwanza, na kimeandikwa kwa msomaji anayemfahamu Dido, yule msichana wa mitaa ya London, tangu zamani. Tena ni kimoja cha vile vinavyotisha zaidi: ndani yake yumo malkia anayerefusha maisha yake kwa kuwaua wasichana wadogo. Kirudisheni sandukuni mpaka binti afikishe miaka 11 au 12. Leo usiku shikeni The Wolves of Willoughby Chase, cha mwaka 1962. Kina mwanzo na mwisho wake, na mtoto wa miaka 9 anakimudu.

Nianze na mfalme, kwa sababu ukishalielewa hilo mengine yote yanakaa sawa.

Mwalimu yuko sahihi. Mwaka 1832 Uingereza ilikuwa chini ya William wa Nne, aliyetawala kuanzia 1830 hadi 1837, kisha akafuata Victoria. Hao ni wa ukoo wa Hanover, uliotoka Ujerumani. Aiken ametunga Uingereza ambayo Hanover hawakukipata kiti. Ukoo wa zamani wa Stuart ndio unaotawala, na 1832 ndio mwaka James wa Tatu anapotawazwa. Mwandishi halifichi hilo. Kitabu cha kwanza kinafunguliwa na maelezo mafupi yanayosema wazi kwamba mambo haya yanatokea katika kipindi cha historia ambacho hakikuwahi kuwapo. Msomee mkubwa maelezo hayo taratibu, mara mbili ikibidi. Hofu ya kuchanganyikiwa itapungua sana.

Lakini somo lenyewe la historia liweke baada ya kitabu cha kwanza, si kabla. Katika kitabu hicho siasa haijaingia. Kuna wasichana wawili, nyumba kubwa, theluji na mwalimu mwovu. Njama za kumpindua mfalme zinaanza kitabu cha pili, Black Hearts in Battersea, na hapo ndipo watoto wanahitaji kujua nani alimshinda nani. Ukiwapa mapema, wataisahau au wataichukia. Ukiwapa siku ile mnayofungua kitabu cha pili, wataitumia usiku uleule.

Waeleze hivi, dakika kumi zinatosha. James wa Pili alikuwa Mkatoliki katika nchi ambayo wakubwa wake wengi walikuwa Waprotestanti. Juni 1688 akapata mtoto wa kiume, na wakubwa wakaona Ukatoliki utarithishwa. Wakamwita mkwewe, William wa Orange, kutoka Uholanzi. Akaja na jeshi Novemba mwaka huohuo, na James akakimbilia Ufaransa. William akatawala pamoja na mkewe Mary, binti wa James; baada yao akaja Anne, mdogo wake Mary. Anne alishika mimba kama 17, lakini ni mtoto mmoja tu aliyepita umri wa kunyonya: William, Mtawala wa Gloucester, ambaye naye alifariki Julai 1700, siku chache baada ya kutimiza miaka 11. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria kwamba baada ya Anne kiti kiende kwa ndugu wa Kiprotestanti wa Hanover. Anne akafa 1714, akaja George wa Kwanza. Wafuasi wa Stuart wakainuka 1715, wakainuka tena 1745 wakiongozwa na Charles Edward, mjukuu wa James wa Pili, aliyejulikana kwa jina la Bonnie Prince Charlie. Walivunjwa Culloden, Scotland, tarehe 16 Aprili 1746, na habari yao ikaishia hapo.

Sasa angalieni Aiken alichofanya. Katika historia ya kweli, waliokutana kwa siri, wakaficha silaha na kumngoja mfalme wao ng'ambo ya bahari walikuwa watu wa Stuart. Yeye amewageuza. Stuart wako kitini kwa amani, na wenye njama ni watu wa Hanover, wanaomtaka George wa Ujerumani na kumwita Bonnie Prince Georgie. Mtoto asiyejua nani alishinda kweli ataona genge la wabaya tu. Anayejua ataona kuwa mwandishi amewavalisha washindi nguo za walioshindwa, na atafurahia kila ukurasa unaowataja.

Je, James wa Tatu alikuwepo? Alikuwepo mtu aliyejiita hivyo: yule mtoto aliyezaliwa Juni 1688. Baba yake alipofariki 1701 alijitangaza kuwa James wa Tatu, akatambuliwa na mfalme wa Ufaransa, na akaishi miaka mingi Roma mpaka alipofariki 1766 bila kutawala hata siku moja. Huyo si yule wa kitabuni, maana wa kitabuni anatawazwa 1832. Hapo kijana wako wa miaka 12 ana fumbo zuri la kufanyia kazi. Kama James wa Pili asingepinduliwa, mwanawe angekuwa James wa Tatu tangu 1701, na yule wa 1832 angehesabiwa angalau wa Nne. Kama vita vya 1745 vingefaulu, hesabu ni ileile. Basi historia iligeuka wapi? Aiken hakueleza. Jibu ninalolipenda mimi ni yule mtoto wa Anne: angepona mwaka 1700, kusingekuwa na haja ya kwenda kutafuta mfalme Hanover, na jina la James wa Tatu lingebaki bila mtu mpaka 1832. Mwachie kijana karatasi achore nasaba yake mwenyewe. Hakuna jibu la kukosea, na wakati huohuo atakuwa amejifunza wafalme wengi wa kweli kuliko anavyodhani.

Mdogo naye umpe hili, kwa kuwa litamgusa nyumbani kwao. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika ukingoni mwa ziwa letu kubwa mwaka 1858, alilipa jina la malkia wake, Victoria, mjukuu wa George wa Tatu wa Hanover. Katika ulimwengu wa vitabu hivi hakuna Malkia Victoria. Muulize: ramani ya Tanzania ya huko ingeliitaje ziwa lile?

Na kwa kuwa mko Leicester: mbele ya safari mtakutana na Mfalme Richard wa Nne, anayemrithi James. Richard wa mwisho wa kweli alikuwa wa Tatu, aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485. Mifupa yake ilifukuliwa 2012 chini ya maegesho ya magari hapo mjini kwenu, ikazikwa upya katika Kanisa Kuu la Leicester mwaka 2015. Nendeni mkalione kaburi kabla ya kufungua The Cuckoo Tree, ambacho kisa chake kinajengwa juu ya kutawazwa kwa Richard wa Nne. Wenye njama wamepanga kulitegeshea Kanisa Kuu la St Paul's magurudumu chini yake ili litelezee mto Thames wakati wa sherehe. Jengo lile lina urefu wa mita 111 hadi kileleni. Waambie watoto namba hiyo kwanza, ndipo usome.

Baada ya mfalme, yako mambo mengine ambayo watoto watayauliza kama ni ya kweli. Handaki la chini ya bahari kati ya Dover na Calais kitabuni limekwisha kuchimbwa, na mbwa mwitu wa Ulaya na Urusi wamelipitia kukimbia baridi. Aiken aliandika hayo zaidi ya miaka 30 kabla handaki la kweli halijafunguliwa, Mei 1994. Wazo lenyewe ni la zamani: mhandisi Mfaransa Albert Mathieu alilipeleka kwa Napoleon mwaka 1802, na miaka ya 1880 uchimbaji ulianza kweli ukasimamishwa kwa hofu ya kuvamiwa. Mbwa mwitu waliisha England yapata mwisho wa karne ya 15, kwa hiyo wale wa kitabuni wote ni wa kubuni. Waonyeshe picha ya mnyama mwenyewe, yule wa kijivu wa Ulaya, maana mtoto wa kwetu akisikia mbwa mwitu anaweza kuwaza wale wenye madoa na masikio ya duara wa Ruaha. Treni nayo imeharakishwa. Reli ya abiria ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa Septemba 1830, lakini mwaka 1832 hapakuwa na treni ya kumtoa mtu London kwenda kaskazini. Hata ya London na Birmingham ilikamilika 1838.

Kuna jambo moja ambalo Aiken hakulibuni, na hilo ndilo ningependa ulipe muda kuliko mengine yote. Ni mateso ya watoto.

Katika kitabu cha kwanza, Sylvia na binamu yake Bonnie wanapelekwa na mwalimu wao wa nyumbani, Letitia Slighcarp, kwenye kitu kinachoitwa shule katika mji wa viwanda wa Blastburn. Mwenye shule ni Bi Brisket. Masomo hakuna. Watoto wanafua nguo za watu wa mji kwa maji yanayopasua mikono, wanakula kidogo, wanalala kwenye baridi. Na ndani ya shule hiyo kuna kitu kidogo ambacho mtoto akikisikia hakisahau: anayemchongea mwenzake anapewa kipande cha jibini. Basi. Si pesa wala si nguo, ni jibini, kwa sababu wana njaa. Bi Brisket hahitaji walinzi wengi. Njaa inamfanyia kazi, na watoto wanachungana wenyewe kwa wenyewe. Soma sehemu hiyo polepole, usiikimbie kwenda kwenye kutoroka. Kisha nyamaza uone watakachosema. Wengi wanauliza swali zito kuliko tunavyotarajia: mimi ningemchongea mwenzangu?

Blastburn haipo kwenye ramani, lakini mambo yake yalikuwepo. Mwaka 1833, mmoja tu baada ya mwaka wa kitabu, ndipo sheria ilipokataza viwanda vingi vya nguo kuajiri watoto walio chini ya miaka 9. Maana yake ni kwamba binti yako, kwa umri wake wa sasa, angekuwa ameruhusiwa kisheria kuajiriwa. Mwaka 1842 ndipo wanawake, wasichana, na wavulana walio chini ya miaka 10 walipokatazwa kufanya kazi chini ya ardhi kwenye migodi ya makaa ya mawe. Kabla ya hapo ripoti ya bunge ilieleza habari za watoto wadogo, wengine wa miaka mitano na sita, waliokaa gizani saa kumi na mbili kwa siku kazi yao ikiwa kufungua na kufunga milango ya hewa mikokoteni ikipita. Ukilijua hilo, kitabu kiitwacho Is, ambacho Aiken alikitoa 1992, unakisoma kwa moyo mwingine. Humo watoto wa London wanarubuniwa kupanda treni ya kwenda kwenye nchi ya michezo, kisha wanajikuta migodini kaskazini, na wengi hawarudi. Mfalme ni wa uongo, mbwa mwitu ni wa uongo, watoto wa mgodini si wa uongo. Mtofautishie kijana mpaka huo naye hatachanganyikiwa na historia; atakuwa ameielewa kuliko wenzake.

Mkipata Jumamosi, Southwell iliyo Nottinghamshire haiko mbali nanyi. Pale lipo jengo la kuwahifadhi na kuwafanyisha kazi maskini, lililojengwa mwaka 1824, ambalo bado limesimama na linafunguliwa kwa wageni. Baba aliwekwa upande wake, mama wake, watoto wao. Kwa wanaoweza kwenda mbali zaidi, makumbusho ya migodi ya makaa karibu na Wakefield hushusha wageni mita 140 chini ya ardhi, katika mgodi wa kweli wa Caphouse. Ulizeni masharti ya umri na nafasi kabla ya kusafiri.

Haya, mpangilio. Mtaona orodha zinazopanga vitabu kwa mfuatano wa matukio, na matoleo mengine yana namba mgongoni. Msizifuate. Aiken aliandika mfululizo huu kwa zaidi ya miaka 40 na alikuwa akirudi nyuma kuchomeka safari mpya katikati ya zile za zamani. Ukizipanga kwa matukio, unakutana na vitabu vizito vya uzeeni mwake kabla ya vile vyepesi vilivyowafanya watu wampende Dido. Hapo ndipo ninyi mlipojikwaa.

Kwa watoto wako ningepanga hivi. Kwanza The Wolves of Willoughby Chase. Pili Black Hearts in Battersea, ambamo Simon, yule kijana mfuga bata bukini wa kitabu cha kwanza, anakwenda London kujifunza uchoraji na kupanga chumba kwa familia ya Twite. Hapa ndipo Dido anapoingia. Tatu Nightbirds on Nantucket, cha 1966: Dido, meli ya kuwinda nyangumi, na mzinga mrefu wa ajabu uliojengwa kisiwani Marekani ili upige ikulu ya London kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Nne The Cuckoo Tree, 1971. Tano Dido and Pa, 1986, kinachoendelea palepale kilipoishia The Cuckoo Tree, kwa hiyo msiweke kitabu kingine kati yao hata kama mtu atawaambia. Hivyo vitano ni kisa kimoja kamili.

Dido and Pa kinahitaji neno la ziada. Baba yake Dido ni mwanamuziki mwenye kipaji cha kuponya wagonjwa kwa nyimbo zake, na ni mtu asiye na huruma hata chembe kwa mwanawe. Aiken hakumlainisha mwishoni. Kwa binti wa miaka 9 hicho kitabu kinaweza kusubiri mwaka mmoja. Ubaya wa mzazi huumiza kuliko mbwa mwitu yeyote.

Ukimaliza hivyo, ndipo mrudi kwenye The Stolen Lake na Limbo Lodge, ambavyo ni safari za Dido baharini kati ya kitabu cha tatu na cha nne. Kisha Is na Cold Shoulder Road, vyenye mdogo wake Dido anayeitwa Is. Viwili vya mwisho, Midwinter Nightingale cha 2003 na The Witch of Clatteringshaws kilichotoka 2005 baada ya mwandishi kufariki Januari 2004, ni vya wale watakaokuwa wamezama kabisa. Cha mwisho ni chembamba na kinakwenda mbio. The Whispering Mountain kinatokea Wales, hakina Dido, na kilipata tuzo ya gazeti la Guardian. Kisomeni wakati wowote baada ya cha kwanza. Kama sandukuni mna Midnight Is a Place, hicho kiko Blastburn lakini hakimo kwenye kisa cha wafalme. Mpe mkubwa asome mwenyewe. Kiwanda chake cha mazulia kina mashine inayoshuka na kusaga chochote kilicho chini yake, na watoto ndio wanaotumwa kupita pale. Si cha kumsomea mdogo kabla ya kulala.

Kuhusu hofu kwa jumla: tukio kubwa la mbwa mwitu lipo mapema mno, ndani ya treni. Treni inasimama kwenye theluji, mbwa mwitu anavunja dirisha na kuingia ndani, na abiria mwenzake Sylvia anamuua kwa kipande cha kioo. Usiliruke; ni tukio zuri sana na watoto wanalipenda. Mwambie mdogo mapema kwamba Sylvia hatadhurika, kisha lisome mchana wa Jumapili, si usiku. Baada ya hapo mtagundua kwamba mbwa mwitu wanarudi nyuma ya kisa, na anayeogopesha kweli ni Bi Slighcarp ndani ya nyumba, akiwa amevaa magauni ya mama yake Bonnie. Linalogusa zaidi ni habari ya meli ya wazazi wa Bonnie kuzama. Kama nyumbani kwenu mmefiwa karibuni, waambie wazi kwamba wazazi watarudi. Kitabu hakiharibiki kwa kulijua hilo.

Sasa kusoma kwa Kiswahili. Kosa linalomaliza watu nguvu ni kutafsiri sentensi kwa sentensi. Aiken anapenda sentensi ndefu zenye mapambo, nguo na samani. Ukizifuata neno kwa neno utakwama kwenye koti la mtu huku mbwa mwitu ananing'inia dirishani. Pitia sura kabla, alasiri, kwa dakika kumi na tano, uandike pembeni vitu kumi au kumi na viwili vitakavyokukwamisha. Vingi vinaelezeka kwa maneno mepesi: mwalimu anayeishi nyumbani kwa tajiri, mfuko wa manyoya wa kuingizia mikono, ndoo ya makaa ya mawe, gauni lenye fremu ndani. Usiku chukua aya nzima kwa jicho, sema kwanza nani kafanya nini, halafu ongeza pambo moja au mawili. Sura moja kwa mtindo huo huchukua dakika 40 hadi 50. Na usiishie mwisho wa sura. Aiken hufunga sura zake penye hatari, kwa hiyo ukitaka walale, simama katikati, mahali watu wanapokula.

Dido ni mtoto wa mitaa ya maskini ya London, na kila mtu anamkosea namna moja: wanampa Kiswahili kibovu, ngeli zimepinda, “kitu yangu”, “mtoto kubwa”. Hapo anageuka mgeni anayejifunza lugha, na yeye si mgeni. Hakuna anayeujua mji ule kumshinda. Mpe Kiswahili sahihi cha mtaani: cha haraka, kilichokatwa, chenye ulimi mkali. Simon aseme, “Sijui amekwenda wapi.” Dido aseme, “Ntajuaje mimi kaenda wapi? Na mbona wan'kodolea macho?” Usimpe misimu ya mwaka huu, kwa sababu yeye ni wa karne ya 19 na mwakani misimu hiyo itakuwa imechacha. Ana neno lake la mshangao, “Croopus!”, ambalo Aiken alimtungia. Chagua moja la kwetu, kwa mfano “Salaale!”, na usilibadilishe mpaka kitabu cha mwisho; baada ya usiku chache watoto watakuwa wanalisema kabla yako. Bi Slighcarp naye mpe Kiswahili cha kitabuni, kila neno limetamkwa mpaka mwisho, sauti ya chini. Asipige kelele. Shangazi Jane, anayemlea Sylvia, aongee kama bibi yeyote wa kwetu mwenye heshima zake na pochi tupu. Majina ya watu yaacheni yalivyo.

Kuhusu kununua vinavyokosekana, kuna mtego. Baadhi ya vitabu vina jina moja Uingereza na jingine Marekani: Is kinauzwa Marekani kama Is Underground, na Limbo Lodge kama Dangerous Games. Mkiagiza mtandaoni, angalieni mwaka na muhtasari, msije mkalipia kitabu kilekile mara mbili. Mkikuta matoleo ya zamani ya Uingereza yenye michoro ya Pat Marriott, chukueni hayo hata kama majalada yamechakaa. Michoro yake ya wino mweusi itamsaidia mdogo kuona nguo na nyumba ambazo wewe umelazimika kuzifupisha.

Na kabla hamjafungua Black Hearts in Battersea, hakikisheni Nightbirds on Nantucket kimo sandukuni. Ndani ya Black Hearts Dido anapotelea baharini na kila mtu anaamini amekufa maji, na jibu liko sura ya kwanza ya Nightbirds. Kikikosekana, wekeni oda maktaba ya mji mapema, wiki mbili tatu kabla, msije mkamwacha binti na habari hiyo huku mnasubiri kitabu kifike.